Koilova za bei nafuu kwa gari la kila siku linaloingia uwanjani mara mojamoja

Anayetafuta koilova za bei nafuu huwa na maswali mawili mdomoni: gari litashuka kiasi gani, na shokapu ina kliki ngapi, yaani hatua za kurekebisha ugumu wake. Yote mawili yanaweza kungoja. Linalotangulia ni hili: gari likiwa limesimama chini na dereva yumo ndani, gurudumu limebakiwa na milimita ngapi za kupanda kabla shokapu haijagonga stopa yake ya raba? Seti inayojibu swali hili vizuri itakupeleka kazini na kukurudisha bila kuuma mgongo, na mwishoni mwa wiki itashika lami ya uwanja wa mbio bila kurukaruka. Isiyolijibu haitaokolewa na kliki wala na rangi ya springi.

Koilova yenyewe ni shokapu iliyovikwa springi, na mwili wake umechongwa hesi ili kikalio cha springi kiweze kupandishwa na kushushwa. Magari mengi madogo tayari yana springi inayozunguka shokapu kwa mbele. Mpangilio huo unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Earle MacPherson, na Ford waliutumia kwenye magari ya Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo koilova inachoongeza ni hizo hesi, springi ngumu zaidi, na shokapu fupi iliyotengenezwa iendane na springi hizo. Kuendana huko ndiko unakolipia. Springi nzuri si ngumu kutengeneza. Kazi ni kutengeneza shokapu itakayoituliza springi hiyo miaka nenda miaka rudi, kwenye joto, vumbi na maji.

Ugumu wa springi hausomwi kwenye boksi

Watengenezaji wengi wa Asia huandika ugumu wa springi kwa kilo kwa milimita, wa Ulaya kwa nyutoni kwa milimita, na Wamarekani kwa pauni kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni nyutoni 9.8 kwa milimita, au takriban pauni 56 kwa inchi. Lakini hata ukibadilisha namba hizo kwa usahihi, bado unasoma ugumu wa springi ikiwa mezani. Gurudumu linaonja ugumu mwingine.

Sukuma mlango ukiwa umeweka kiganja karibu na bawaba, kisha usukume penye kitasa. Mlango ni uleule, nguvu inayohitajika ni tofauti kabisa. Springi iliyofungwa katikati ya wishiboni, yaani mkono unaoshikilia gurudumu, iko karibu na bawaba: gurudumu likipanda milimita 10, springi inabonyea milimita 6 au 7 tu, na nguvu yake ikifika kwenye gurudumu imepungua kwa kiwango hichohicho. Upungufu huo unakuja mara mbili, kwenye umbali na kwenye nguvu, ndiyo maana uwiano wa mwendo wa springi kwa mwendo wa gurudumu unazidishwa kwa wenyewe. Kwenye MacPherson springi iko karibu sana na gurudumu, uwiano ni kama 0.95, na 0.95 mara 0.95 inakupa 0.9. Gari la wishiboni mbili lenye uwiano wa 0.65 linabakiwa na 0.42.

Sasa chukua magari mawili, kila moja springi ya mbele inabeba kilo 300. La kwanza ni la MacPherson na limefungwa springi ya kilo 5 kwa milimita. La pili ni la wishiboni mbili, springi ya kilo 10. Anayelinganisha maboksi atasema la pili ni gumu mara mbili. Kwenye gurudumu, la kwanza lina kilo 4.5 kwa milimita na la pili kilo 4.2. La pili ndilo laini. Ushauri wa namna ya "mimi natumia kumi na gari linatulia" hauna maana yoyote mpaka ujue anazungumzia gari gani.

Kuna njia ya kupima inayofanya kazi kwa gari lolote, nayo ni kuhesabu bodi ingepanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde kama shokapu zisingekuwepo. Hesabu hiyo hutolewa kwa hezi. Magari ya kawaida ya familia hucheza kati ya hezi 1 na 1.5, ya kimichezo husogelea 2, na magari ya mbio yasiyotegemea mabawa hufika 2.5 hivi. Gawanya uzito unaobebwa na springi kwa ugumu ulioupata kwenye gurudumu, utapata milimita ambazo springi imebonyezwa na uzito wa gari. Kisha gawanya 15.8 kwa kipeuo cha pili cha milimita hizo. Kwa gari letu la kwanza, 300 kwa 4.5 ni milimita 67, kipeuo chake ni 8.2, na jibu ni hezi 1.9. Ukilifunga gari hilohilo springi ya kilo 10, linaruka hadi 2.7, na hapo umejenga gari la mbio ambalo utalazimika kuliendesha juu ya matuta kila asubuhi.

Kwa gari la kazi mbili, mimi natafuta kati ya 1.6 na 2. Chini ya hapo hakuna sababu ya kubadilisha springi za kiwandani. Juu ya 2.2, kwenye lami yenye viraka, tairi linaanza kuruka badala ya kufuata barabara, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Ugumu ukizidi, unapoteza mwendo uwanjani pia. Faraja ya barabarani ni sehemu tu ya hasara.

Uzito wa kona moja unaupata kwa kupima ekseli kwenye mizani ya magari, ukigawanya kwa mbili, kisha ukitoa uzito wa vitu visivyobebwa na springi: gurudumu, breki, habu na sehemu ya wishiboni. Kwa gari dogo, kilo 40 kwa kona si mbali na ukweli. Nyuma ihesabie peke yake. Tangu miaka ya 1930 mhandisi Maurice Olley, alipokuwa General Motors, alionyesha kwamba gari hutulia zaidi likipita kwenye tuta iwapo nyuma inacheza kwa kasi zaidi kidogo kuliko mbele, kwa sababu nyuma hukutana na tuta baadaye na inabidi iiwahi mbele. Seti nyingi za bei nafuu hazizingatii hilo. Utakuta ugumu uliochaguliwa kwa mazoea, namba moja mbele na nyuma, kwenye gari ambalo springi ya nyuma iko mbali na shokapu na ina uwiano wake kabisa.

Na gari lako likiwa la namna hiyo, yaani springi ya nyuma imekaa peke yake juu ya wishiboni, usivutiwe na seti inayoihamishia springi kwenye shokapu. Maunti ya juu ya shokapu, yaani mahali inapofungwa kwenye bodi, hapo ilitengenezwa kupokea nguvu za shokapu tu. Ukiitwisha uzito wote wa gari, bati linaweza kupasuka.

Mwendo wa shokapu

Hapa ndipo koilova nyingi za bei ya chini zinapoanguka. Tuseme gari la kiwandani lina milimita 70 za kupanda kabla ya kugusa stopa. Ukalishusha milimita 50 kwa kuteremsha kikalio cha springi, umebakiwa na 20. Kona ya kwanza ya uwanjani inakula 20 hizo kwa kuinama kwa bodi peke yake, na kuanzia hapo gari limelala juu ya raba. Stopa nayo ni springi, tena inayokuwa ngumu ghafla sana. Ekseli ikiifikia katikati ya kona, mshiko wa upande huo unabadilika kwa mkupuo: ikiwa mbele, gari linakataa kugeuka, ikiwa nyuma, mkia unatoka bila taarifa. Dereva analaumu matairi, kumbe shokapu imekwisha mwendo.

Watengenezaji wanaojua kwamba shokapu yao ni fupi hufunika tatizo kwa springi ngumu, ili mwendo mdogo uliopo usiishe upesi. Ndiyo sababu seti ya bei nafuu mara nyingi ni ngumu kuliko ya bei kubwa kwa gari lilelile.

Kuna seti ambazo kimo chake hurekebishwa kwa namna mbili. Kikalio cha springi kinasogea, na mguu wa chini wa shokapu pia unajifungua kwa hesi, kwa hiyo shokapu nzima inarefuka au kufupika. BC Racing BR na Tein Flex Z zimejengwa hivyo. Faida yake ni kwamba unashusha gari kwa mguu wa chini bila kula mwendo wa ndani wa shokapu. Hatari yake ni kwamba tairi linaweza kufika kwenye fenda kabla ya shokapu kufika kwenye stopa, kwa hiyo inabidi utoe springi, uinue gurudumu kwa jeki hadi juu kabisa, uangalie linagusa wapi, na usukani ukiwa umekatwa pande zote mbili. Mafundi wengi wanairuka hatua hiyo. Isimamie mwenyewe.

Aina hiyo ya koilova imeleta imani moja inayosumbua sana, kwamba kukaza kikalio kunaifanya springi kuwa ngumu. Springi iliyonyooka, yenye nafasi sawa kati ya mizunguko yake, ina ugumu mmoja. Ikiwa ni ya kilo 5 kwa milimita, itakuwa ya kilo 5 uikaze usiikaze. Kuikaza kunanyanyua gari na kubadilisha mgawanyo wa mwendo: unapata zaidi wa kupanda na unapoteza wa kushuka. Mwendo wa kushuka nao una kazi yake. Gurudumu la ndani ya kona, au lililoingia kwenye shimo, lisipoweza kushuka linaning'inia, na gari linaegemea magurudumu matatu.

Shokapu na kliki zake

Springi inahifadhi nguvu, shokapu inaimaliza kwa kuigeuza kuwa joto. Ina kazi mbili: kuzuia kubonyea na kuzuia kurudi. Zuio la kurudi ndilo linaloishika springi isiirushe bodi juu, na ndilo linalotakiwa kuongezeka springi ikiwa ngumu zaidi. Likizidi, springi haipati muda wa kurudi kati ya bonde moja na jingine, gari linazama kidogokidogo mpaka linakaa kwenye stopa. Likipungua, bodi inayumba kama mtumbwi.

Kliki za koilova nyingi za bei nafuu zinageuza vyote viwili kwa pamoja. BR ya BC Racing ina 30, Flex Z ina 16. Kampuni ya KW imezitenganisha kwa daraja: V1 haina marekebisho, V2 inarekebisha kurudi, V3 inarekebisha kurudi na kubonyea kila kimoja kwa mkono wake. Bilstein B14 haina kliki hata moja. Kwa matumizi tunayozungumzia, B14 au V1 ambayo kiwanda kimeipima na springi zake inanipa utulivu zaidi kuliko kliki 30 zisizo na mchoro wa majaribio. Wingi wa kliki hauonyeshi ubora. Kwenye shokapu nyingi za sindano moja, yaani zenye vali moja ya kurekebishia, kliki kadhaa za mwisho ndizo zinazobadilisha kitu cha maana, na zilizobaki hutazihisi.

Mwulize muuzaji mchoro wa daino, yaani mashine inayoisukuma shokapu kwa kasi tofauti na kuandika nguvu yake. Angalia mambo mawili. Kwanza, kushoto na kulia zinafanana kwa kliki ileile? Pili, kubonyea kwa kasi kubwa kunaendelea kupanda moja kwa moja, au mstari unalala? Kasi hiyo ni ya pistoni ndani ya shokapu, haihusiani na mwendo wa gari. Kuinama kwenye kona ni mwendo wa polepole. Kugonga ukingo wa shimo ni wa ghafla. Shokapu nzuri inakaza ule wa polepole na kuachia ule wa ghafla. Iliyotengenezwa kwa haraka inakaza vyote, na kila kiraka cha lami kinapita kwenye uti wa mgongo wako.

Kuhusu silinda moja au mbili, wengi hubishana kuliko inavyostahili. Ya silinda moja ina gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa, iliyotengwa na oili kwa pistoni inayoelea, na oili yake inapoa haraka kwa kuwa ukuta wake unagusana na hewa. Uwanjani hilo lina maana. Lakini jiwe likiubonyeza mwili wake, pistoni inakwama. Ya silinda mbili hustahimili kipigo cha nje na hupata mwendo mrefu ndani ya urefu uleule, ila ikipata joto la mizunguko mingi oili huanza kuchanganyika na gesi na nguvu inapungua. Ukiingia uwanjani mara mbili au tatu kwa mwaka na kupumzisha gari kila baada ya dakika 15 au 20, ya silinda mbili iliyotengenezwa vizuri inatosha.

Swali zito zaidi ni nini kitatokea sili ikivuja. Koilova nyingine zinafunguliwa, zinabadilishwa sili na oili, na kurudi kazini. Nyingine, kama Flex Z, zimezibwa moja kwa moja, na unabadilisha shokapu nzima kwa bei ya wastani huku ukibaki na springi na maunti zako. Njia zote mbili ni halali. Ambayo si halali kwangu ni seti isiyofunguliwa na isiyouzwa kipande kimoja, kwa sababu sili moja ikichoka umepoteza nne. Na soma waranti, maana nyingi hufutika siku ileile gari linapoingia uwanjani.

Maunti ya juu ichague ya raba. Zile za tufe la chuma zinakupa usukani mkali na nafasi ya kurekebisha kemba, yaani mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele, lakini vumbi na maji huzila, na zikilegea hugonga kila tuta. Kama unahitaji kemba zaidi, baadhi ya magari yanakubali bolti maalumu za kemba kwenye habu.

Kimo, kufunga, na vipimo

Shusha milimita 20 hadi 30, basi. Kwenye MacPherson, wishiboni ya chini ikianza kupanda kuelekea kwenye gurudumu, nukta ya kufikirika ambayo bodi huizunguka ikiinama inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Gari linakuwa chini zaidi lakini linataka kuinama zaidi. Tairodi, yaani fimbo zinazogeuza magurudumu, nazo zinabadilisha pembe, na usukani unajigeuza wenyewe kila gurudumu likipanda. Ukitazama kutoka mbele na kuona wishiboni imelala sambamba na ardhi, hapo ndipo mwisho.

Wakati wa kufunga, kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni bolti za wishiboni kukazwa gari likiwa juu ya jeki. Bushi za raba hushikwa na bolti hizo katika pembe ile. Gari likishushwa, raba zote zimejikunja siku nzima, gari linakaa juu kuliko lilivyopaswa, na baada ya miezi michache bushi zinachanika. Ziache legelege, shusha gari kwenye kimo chake, litikise, ndipo ukaze kwa spana ya vipimo. Nyaya za ABS na hozi za breki zirudishwe kwenye vishikizo vyake, usukani ukatwe hadi mwisho pande zote, na taa za mbele zirekebishwe. Hesi zipake grisi ya kuzuia kutu kabla hazijaona barabara. Pete ya alumini ikishikana na mwili wa chuma hutaweza tena kurekebisha chochote, na ndiyo maana V1 kutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu ni jambo la kulipia.

Kisha alaimenti, tena siku ileile. Kemba ya nyuzi 1.5 hadi 2 kuelekea ndani kwa mbele inaokoa bega la nje la tairi uwanjani na haidhuru sana barabarani. Kinachomaliza matairi ni magurudumu kutazama ndani au nje kupita kiasi, kama mtu anayetembea huku anaburuta vidole, na kila ukibadilisha kimo pembe hiyo inahama.

Na kama baada ya haya yote gari lako halihitaji kurekebishwa kimo mara kwa mara, fikiria njia ya kale: shokapu nzuri na springi fupi kidogo. Shokapu za njano za chapa ya Koni zinarekebishwa kurudi, Bilstein B8 zilitengenezwa kwa ajili ya magari yaliyoshushwa, na B12 ni B8 zilizofungashwa pamoja na springi za Eibach. Fedha inayobaki iende kwenye matairi, padi za breki na oili ya breki inayohimili joto, ambavyo ningevinunua kabla ya koilova yoyote.

Ukishafunga, kaza kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fimbo ya kila shokapu inapoonekana, uisukume hadi kwenye sili. Kwa zile zilizopinduliwa, ambazo fimbo yake imejificha ndani, njia hii haifai. Endesha wiki moja kwenda kazini, upime kamba imesukumwa umbali gani kuelekea kwenye stopa. Rudisha, kisha pima tena baada ya siku ya uwanjani. Ikiwa uwanjani imekomea milimita chache kabla ya stopa na barabarani inaigusa kwenye shimo baya tu, acha kila kitu kilivyo. Ikiwa kila siku imejikunja ndani ya raba, pandisha gari milimita 10 kabla hujagusa kliki yoyote.